Jina la Mdudu kama Hati ya Historia

Insha hii inahusu wadudu ambao wengi wetu hatujawahi kuwatazama kwa makusudi, yaani thripsi. Wengi wana urefu wa milimita moja au mbili tu, na mabawa yao, kwa wale walio nayo, yana nywele ndefu pembeni kama matamvua ya shuka. Wakulima wanawajua wale wanaoharibu maua ya kunde na majani ya vitunguu. Hata hivyo, kuna kundi kubwa lisilohusika na mazao kabisa, ambalo hula kuvu kwenye matawi makavu na majani yaliyooza. Hoja yangu ni kwamba maelezo ya spishi mpya ya mdudu ni hati kama ilivyo barua ya gavana au daftari la misheni. Yana mwandishi, tarehe, mahali na sababu ya kuandikwa. Kwa hiyo sisi wa historia tuna haki ya kuyahoji.

Kwanza, kazi yenyewe. Mtaalamu humlainisha mdudu kwa dawa hadi mwili upitishe mwanga, humkausha maji kwa alkoholi, kisha humlaza juu ya kioo ndani ya gundi ya mti. Chini ya hadubini huhesabu pingili za vipapasio na kupima vinyweleo kimoja kimoja. Akiridhika kwamba hakuna aliyemtaja mdudu huyo, huandika maelezo, humpa jina la sehemu mbili, na kuteua kielelezo kimoja kiitwacho holotaipu. Hicho ndicho shahidi wa kudumu wa jina. Kila mgogoro wa baadaye huamuliwa kwa kurudi kwenye kioo hicho, popote kilipo.

Na kipo wapi? Mfano mzuri unatoka Kilimanjaro. Mwaka 1905 hadi 1906 Mswidi Yngve Sjöstedt alikusanya wanyama na wadudu katika eneo la Kilimanjaro na Meru, wakati huo likiwa chini ya Wajerumani. Miezi hiyohiyo vita vya Maji Maji vilikuwa vikiwaka kusini mwa koloni, jambo ambalo vitabu vya wadudu havina haja ya kulitaja. Vielelezo vilipelekwa Uswidi, na Filip Trybom akachunguza thripsi na kuchapisha maelezo yao mwaka 1908. Mmoja wao leo huitwa Megalurothrips sjostedti, adui mkubwa wa maua ya kunde Afrika nzima. Mkulima wa kunde aliyekuwa akipukutikiwa na maua kabla Sjöstedt hajazaliwa hayumo katika jina hilo. Aliyemo ni msafiri aliyembeba mdudu hadi Ulaya.

Upande wetu wa Mto Nile, uchunguzi wa wadudu ulifuata mahitaji ya serikali. Maabara ya Wellcome ilianzishwa Khartoum mwaka 1903, na baadaye ikawa na maabara ya kuelea iliyovutwa na meli mtoni kuelekea kusini. Walitafuta mbu, mbung'o na wadudu wa mazao. Hata Laurence Mound, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa thripsi katika makumbusho ya London, alikuwa Sudan mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya pamba ya Gezira, akishughulika na inzi weupe. Mdudu anayekula kuvu kwenye tawi lililokufa hakuwa na bajeti. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kuu ya wala kuvu kuchelewa kujulikana, kuliko udogo wao.

Hawa wala kuvu wana fitina ya pekee. Baadhi hufyonza nyuzi za kuvu, wengine wana midomo mipana kiasi cha kumeza spora nzimanzima. Madume wa spishi moja hutofautiana sana. Dume mkubwa ana miguu ya mbele minene ya kupigania majike, na ndugu yake mdogo huonekana kama mdudu mwingine kabisa. Aidha, katika spishi nyingi baadhi wana mabawa na wengine hawana. Waandishi wa zamani, wakiwa na kielelezo kimoja au viwili vilivyotoka mbali, walimpa mdudu mmoja majina mawili au matatu. Mwaka 1983 Mound na mwenzake Palmer walitoa uainishaji mpya wa jenasi za wala spora duniani. Kwetu hili si geni: ni sawa na msimamizi wa koloni aliyeandika koo mbili kama makabila mawili kwa sababu alikutana nazo siku tofauti.

Sudan Kusini ina kisa chake, ingawa si cha mdudu. Popo mwenye madoa na mistari alielezwa mwaka 1939 kutoka Kongo ya Wabelgiji na kuwekwa katika jenasi isiyomfaa. Mwaka 2012 DeeAnn Reeder na wenzake walimpata katika hifadhi ya Bangangai, Ekwatoria Magharibi, na mwaka 2013 wakamwekea jenasi mpya, Niumbaha, neno la Kizande lenye maana ya adimu. Waandishi walikuwa wageni bado, lakini neno ni letu, na nchi iliyoandikwa ni Sudan Kusini.

Hili la nchi ni zito. Kabla ya Julai 2011 kielelezo kutoka huku kiliandikwa Sudan, au Lado, au Bahr el Ghazal. Anayetafuta wadudu wetu kwa jina la taifa atadhani nchi ni tupu. Nyuma ya nyumba yetu Sherikat, ng'ambo ya mashariki ya mto, kuna tawi kavu la mwembe lenye kuvu nyeusi, na ukilikung'uta juu ya karatasi nyeupe wanadondoka wadudu weusi wembamba wanaopinda mkia juu. Jirani huwapulizia dawa ileile ya kunde. Kabla hajamaliza tawi, nimewatia kumi na wawili katika kichupa cha alkoholi na karatasi ya penseli ndani: Sudan Kusini, Juba, Sherikat, tawi kavu la mwembe, pamoja na tarehe.