Kichekesho na Msuko: Tintin Kutoka Kongo Hadi China

Kati ya 1930 na 1931, Hergé alichapisha "Tintin au Congo" katika Le Petit Vingtième, jarida la watoto lililotoka kila juma mjini Brussels. Vituko vilitangulia, msuko ukachelewa: njama ya watu wa Al Capone kuhusu almasi za Afrika inafichuliwa karibu na mwisho. Katika tukio moja, garimoshi linaligonga gari la Tintin. Garimoshi linapinduka, gari linabaki zima. Kwa kuwa kituko hicho hakisukumi kisa mbele, kicheko kinawaangukia abiria Wakongo, wanaoitwa wavivu.

Hali ni tofauti katika "Le Lotus bleu" (1934-1935), kilichoandaliwa kwa msaada wa Zhang Chongren, Mchina aliyesomea sanaa Brussels. Humo wapelelezi wawili, Dupond na Dupont, wanaotumwa kumkamata Tintin, wanavaa Kichina cha kizamani ili wasitambulikane. Umati unawafuata ukicheka. Upuuzi ni uleule, ila umezaliwa na kisa, na anayechekwa ni mgeni asiyeijua nchi.

Hivyo mchoraji wa Goma anayeandaa mfululizo wa katuni hana budi kuamua mapema kisa kinakoelekea. Asipofanya hivyo, kituko hutafuta wa kumwangukia, na mara nyingi huwa mnyonge.