Varosha: Ufukwe wa Mastaa Uliofungwa Miaka 46

Ukitaja Cyprus kwa vijana wa Ulaya siku hizi, watakwambia Ayia Napa: bahari, muziki mpaka asubuhi, kula bata kwa kwenda mbele. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 70 Ayia Napa ilikuwa kijiji tu cha wavuvi. Habari ya mjini ilikuwa Varosha, mtaa wa ufukweni katika mji wa Famagusta.

Hapo ndipo mastaa walipokuwa wanashusha mabegi. Mwigizaji mmoja wa Hollywood, yule mama aliyefunga ndoa mara nane (mdau ushamjua), hoteli yake ilikuwa Argo. Na yule mrembo wa sinema za Kifaransa naye alipita. Ukichoka kuota jua, unapanda gari dakika chache tu unafika Salamis, magofu ya mji wa kale wenye ukumbi wa maigizo wa enzi za Warumi. Wasomaji wa Biblia wanapajua: kisiwa chenyewe ndicho Kipro ya Matendo ya Mitume, na Salamis ndipo Paulo na Barnaba waliposhukia.

Sasa shida ikawa siasa. Cyprus ilipata uhuru kutoka kwa Mwingereza mwaka 1960, Wagiriki wengi, Waturuki wachache, na hawakuelewana muda mrefu. Tarehe 15 Julai 1974 watu waliotaka kisiwa kiungane na Ugiriki walimpindua rais, huku serikali ya kijeshi ya Athens ikiwa nyuma yao. Siku tano baadaye Uturuki ikashusha majeshi. Katikati ya Agosti mapigano yalipokaribia, wakazi wa Varosha kama 39,000 wakakimbia. Msimu wenyewe wa watalii huo! Wengi walitoka na nguo walizovaa na funguo mfukoni, wakijua ni suala la siku mbili tatu.

Jeshi la Uturuki likazungusha senyenge. Mwandishi mmoja wa Sweden aliyeuona mtaa huo mwaka 1977 alisimulia meza za chai ya asubuhi zikiwa bado zimeandaliwa na nguo zikiwa bado kwenye kamba. Wizi nao ulifanyika, tena sana. Halafu miti ikaota vyumbani. Mwaka 1984 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilitoa azimio namba 550: asikae mtu pale isipokuwa wenyewe. Senyenge ikabaki palepale.

Watalii wakaelekea Ayia Napa, na ndiyo imekuwa hivyo unavyoiona. Usisahau lakini, maelfu ya Waturuki wa kusini nao waliacha nyumba zao wakahamia kaskazini.

Oktoba 2020 upande wa kaskazini ukafungua ufukwe na baadhi ya barabara. Kuingia ndani ya majengo ni marufuku, kamba zimepitishwa mbele ya milango. Baiskeli zinakodishwa. Watalii wanapita wakipiga selfi mbele ya maghorofa yaliyooza, na katikati yao wapo wazee wa Kigiriki waliovuka kutoka kusini, wanasimama upande wa pili wa barabara wakiwaonyesha wajukuu: dirisha lile, ghorofa ya tatu.