Milima Haikutani

Januari 1950, mjini Santa Monica, California, wasomi wawili walikubali kucheza mchezo wa senti. Mmoja alikuwa Armen Alchian, mwanauchumi. Mwingine alikuwa John Williams, mkuu wa kitengo cha hisabati katika shirika la RAND. Kila raundi, kila mmoja alichagua kimyakimya: ashirikiane na mwenzake au amsaliti. Hakuna kuongea, hakuna kupatana. Wakishirikiana, wote wanapata kitu. Wakisalitiana, wanapata kiduchu au sifuri. Lakini mmoja akisaliti huku mwenzake ameshirikiana, msaliti anaondoka na kitita, na yule mwingine anaachwa kwa mataa, amepata hasara.

Waliobuni mchezo huo, Merrill Flood na Melvin Dresher, walikuwa wanahisabati wa RAND. Walitaka kujua jambo moja: je, binadamu hufanya kile ambacho nadharia ya michezo inasema atafanya?

Na nadharia ilikuwa imeshatoa jibu. Piga hesabu mwenyewe. Mwenzako akishirikiana, ukimsaliti unapata zaidi. Mwenzako akisaliti, nawe ukisaliti unaokoa kidogo. Kwa hiyo, afanye atakavyofanya, wewe saliti tu. Naye anapiga hesabu hiyo hiyo. Mwisho wa siku nyote wawili mnasaliti na kubaki na makombo, ilhali mngeshirikiana mngekula vizuri.

Miezi michache baadaye, Albert Tucker, profesa wa Princeton, aliombwa awaeleze wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford habari hizi. Ili asiwachoshe na hesabu, aliwatungia hadithi: washukiwa wawili wamekamatwa, wamewekwa vyumba tofauti, kila mmoja anaahidiwa afueni akimchoma mwenzake. Hadithi hiyo ndiyo inayojulikana hadi leo kama mtanziko wa wafungwa.

Sasa, kwa nini watu wazima walilipwa kufikiria michezo ya senti? Kwa sababu RAND ilifanya kazi kwa niaba ya jeshi la anga la Marekani, na Agosti 1949 Umoja wa Kisovieti ulikuwa umelipua bomu lake la kwanza la atomiki. Ghafla mataifa mawili yalikuwa yamekaa kwenye meza ile ile: kila moja lingependa amani, na kila moja likiogopa kutangulia kuamini. John von Neumann, ambaye mwaka 1944 pamoja na Oskar Morgenstern alitoa kitabu kilichoipa nadharia hii msingi wake, alikuwa miongoni mwa wale walioona heri Marekani ipige kwanza kabla mwenzake hajajizatiti. Hesabu yake ilikuwa safi. Kama ingefuatwa, mamilioni wangekufa.

Turudi Santa Monica. Alchian na Williams walicheza raundi 100, huku kila mmoja akiandika mawazo yake pembeni. Mwanzoni Alchian alisaliti, akidhani mwenzake pia atasaliti. Williams alishirikiana, akitumaini kwamba jamaa ni mwerevu na ataelewa. Walikasirikiana, waliadhibiana, wakarudiana. Hesabu ilipofungwa, Alchian alikuwa ameshirikiana mara 68 na Williams mara 78. Raundi ambazo wote wawili walishirikiana zilikuwa 60. Ambazo wote wawili walisaliti, 14 tu.

Utabiri ulikuwa umegonga mwamba. John Nash, kijana ambaye hoja zake ndizo zilizokuwa zikipimwa, alipoonyeshwa matokeo alitoa pingamizi la maana: hizi si raundi mia zilizotengana, ni mchezo mmoja mrefu. Unachonifanyia sasa nitakukumbushia baadaye. Alikuwa sahihi, na humo ndimo siri ilimokuwa. Hata maelezo ya Alchian yanaonyesha hivyo: mchezo ulipokaribia kuisha, alianza kuwaza ni lini mwenzake atanyakua na kuhepa, na kama yeye anaweza kumtangulia. Kesho ilipoanza kupungua, imani nayo ikaanza kupungua.

Wahenga wetu walishasema: milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Ndiyo maana katika chama, yule anayepokea pesa mwezi wa kwanza huendelea kuchanga miezi yote inayofuata. Kwa hesabu ya siku moja, angehepa. Lakini ana kesho: atakutana na wenzake kwenye ploti, kanisani, msibani, na siku atakapohitaji mkopo.

Ilichukua karibu miaka 30 kabla ya mtu kulipima wazo hilo kwa kompyuta. Robert Axelrod, mwanasayansi wa siasa wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliwaalika wataalamu walete programu zishindane katika mtanziko wa wafungwa, raundi 200 kwa kila pambano. Zilikuja 14. Nyingine zilikuwa janja kweli, zikipiga hesabu za kuvizia na kusaliti kwa wakati mwafaka. Iliyoshinda ndiyo iliyokuwa fupi kuliko zote: anza kwa kushirikiana, kisha fanya kile mwenzako alichofanya raundi iliyopita. Basi. Axelrod akatangaza matokeo na kuitisha mashindano ya pili. Safari hii zikaja 62, kila mtu akijua nani wa kumpiga. Ikashinda tena.

Na hapa kuna kitu kitamu. Programu ile haiwezi kumzidi mpinzani hata mmoja ana kwa ana. Ikijitahidi sana inatoka sare. Ilishinda kwa jumla kwa sababu popote ilipopita iliwafanya wengine washirikiane nayo.

Aliyeileta ni Anatol Rapoport, mzaliwa wa Milki ya Urusi aliyekulia Marekani, mpiga piano aliyegeuka mwanahisabati. Mwaka 1964 aliandika kitabu kuwakosoa wapangaji vita waliotumia nadharia hii bila kusikiliza dhamiri. Vita vya Vietnam vilipomchosha, alihamia Kanada.

Axelrod alipotafuta mfano nje ya kompyuta, aliupata katika mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Vikosi vya Waingereza na Wajerumani vilikaa vikitazamana wiki baada ya wiki, na kidogo kidogo vikaacha kuuana. Muda wa chakula, kimya. Mizinga ikapigwa saa ile ile, mahali pale pale, ili kila mtu ajue pa kutokaa. Hakuna mkataba uliosainiwa. Usipige leo, nami sitapiga kesho.

Majenerali hawakufurahi. Vitisho na adhabu havikutosha, kwa sababu askari angeweza kupiga risasi hewani na kuripoti kuwa amepigana. Kilichovunja amani ile ni uvamizi wa usiku: kikundi kinatumwa ndani ya handaki la adui na hakiwezi kuwadanganya wakubwa kwamba kimekwenda ilhali hakikwenda. Uvamizi ukazaa kisasi, kisasi kikazaa kisasi. Askari walikuwa wale wale, na roho zao zile zile. Wakubwa walibadilisha mchezo.

Hiyo ndiyo njia kuu ambayo nadharia hii huongoza maamuzi ya watu, na inafanya kazi pande zote mbili. Mwaka 1962, wakati wa mzozo wa makombora ya Cuba, ujumbe kati ya Moscow na Washington ulichukua saa nyingi kufika, huku kila upande ukikisia nia ya mwenzake. Juni 1963 serikali hizo mbili zilikubaliana kuweka mawasiliano ya moja kwa moja. Filamu hutuonyesha simu nyekundu. Kumbe zilikuwa mashine za kuchapa ujumbe. Hakuna aliyempenda mwenzake zaidi kwa sababu ya mashine hizo. Ila vile vyumba viwili vya Tucker vilikuwa vimetobolewa tundu ukutani.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba binadamu ni wabinafsi, hata sayansi inasema hivyo, muulize ni mchezo gani anaouzungumzia. Una raundi ngapi? Wachezaji wanaruhusiwa kuongea? Na nani aliyeandika sheria?