Kanisa Kuu la Ukumbusho, Mombasa: Tulikotoka

Sisi tutokao Liwatoni na Ganjoni hulitambua kanisa letu kwa kuba lake. Mgeni huuliza mbona lina kuba na matao kama msikiti. Msanifu wake, John Sinclair, alilipa sura ya mji wenyewe, na alifanya vema. Lilijengwa 1903 hadi 1905 kwa kumkumbuka Askofu James Hannington na wenzake waliotangulia, na Hannington ndiye nitakayemwelezea zaidi.

Alizaliwa Hurstpierpoint, Uingereza, 1847. Utotoni alikuwa mtundu hasa: alitengeneza baruti ili alipue kiota cha nyigu, ikamng'oa kidole gumba cha mkono wa kushoto. Baadaye akawa padri na mmisionari. Safari yake ya kwanza Afrika, 1882, kupitia Zanzibar, ilikatizwa na kuhara damu, akarudi kwao hoi. Lakini 1884 akawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Afrika Mashariki ya Ikweta, na Januari 1885 akashuka Mombasa.

Alikaa nasi miezi sita tu, yote ya kazi. Mei 31, huko Frere Town, aliwawekea mikono William Jones na Ishmael Semler kuwa mashemasi, watu waliokombolewa utumwani wakalelewa India. Hata angeondoka kesho yake, kwa hilo pekee tungekuwa na deni kwake.

Julai akatoka Rabai na mapagazi 200 hivi, akashika njia ya Umasaini kwenda Buganda. Kwa Sundu, Mumias ya leo, alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akaendelea na watu 50. Onyo la wamisionari wa Buganda, kwamba asipite njia hiyo, halikumfikia. Mwaka ule Wajerumani walikuwa wakijitwalia nchi, na Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alimhofu mzungu yeyote atokaye upande wa mashariki. Hannington alifungiwa Busoga siku nane, homa imemshika, akiandika shajara yake hadi siku ya mwisho. Oktoba 29 akauawa kwa amri ya Mwanga, na karibu watu wake wote pamoja naye. Alikuwa na miaka 38.

Jones ndiye aliyewarudisha waliosalia. Februari 1886 waliingia Rabai wamechoka, mbele yao bendera ya buluu yenye neno Ikabodi, yaani utukufu umeondoka, kwa herufi nyeupe. Shemasi huyu tusimsahau kila tunapomtaja askofu wake.

Askofu Parker, aliyemrithi Hannington, alifariki 1888, kusini mwa Ziwa Victoria. Tucker akamfuata, akayazika mabaki ya Hannington Namirembe mwaka 1892. Dayosisi ya Mombasa ilianza 1898, na Peel akawa askofu wake. Mkutano wa Kikuyu wa 1913, kuhusu ushirikiano wa makanisa ya wamisionari, ulizua maneno hadi Canterbury, nayo yakatulia. Wakaja Heywood, Crabbe na Beecher. Kisha wana wa nchi: Mwang'ombe, Nzano, Kalu na Alphonce Mwaro Baya. Taita Taveta, iliyokuwa sehemu ya dayosisi yetu, ilipata dayosisi yake 1993.