Hofu ya kuumia tena

Hofu ya kuumia tena ni woga unaombakia mwanamichezo baada ya jeraha, kwamba kiungo kilichotibiwa kitaumia upya akirudi uwanjani. Kinyume chake ni utayari wa kiakili, yaani kuuamini mwili na kuwa na hamu ya kuurudia mchezo. Hofu hii imechunguzwa zaidi kwa waliochanika kano ya mbele ya goti, maarufu kama ACL. Jeraha hilo mara nyingi hutokea bila mtu kuguswa: mchezaji anakimbia, anageuka ghafla, goti linaachia. Asiye na mpinzani wa kumlaumu hubaki akilishuku goti lake mwenyewe.

Woga huonekana kabla haujatamkwa. Beki aliyezoea kugombea kila mpira huchelewa nusu hatua, au huuchomoa mguu sekunde ya mwisho. Akiruka kupiga kichwa, hutua kwa kuuelemea mguu ambao haukuumia. Misuli hukakamaa, na mawazo yaliyopaswa kuwa kwenye mpira huhamia gotini. Kujihami kwa namna hii kunaweza kuleta kile kile kinachoogopwa: utafiti mdogo uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulionyesha kuwa waliorejea michezoni na woga mkubwa waliumia tena kano hiyo zaidi kuliko wenzao.

Ukubwa wa tatizo ulidhihirika katika uchambuzi wa Clare Ardern na wenzake wa mwaka 2014, uliojumuisha tafiti 69. Baada ya upasuaji wa ACL, asilimia 81 walirudia mchezo wa aina fulani, lakini asilimia 65 tu walifikia kiwango chao cha zamani, na asilimia 55 walirejea kwenye mashindano. Goti peke yake halielezi pengo hilo, kwani wengi wasiorudi wana magoti yenye nguvu za kutosha.

Kwa mfano, Derrick Rose wa Chicago Bulls, mchezaji bora wa mwaka 2011 wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, alichanika ACL ya goti la kushoto Aprili 2012. Msimu uliofuata iliripotiwa kuwa madaktari wamemruhusu kucheza, naye hakucheza hata mechi moja, akashutumiwa vikali. Alirejea msimu wa 2013/14, na Novemba 2013 akaumia goti la kulia. Shutuma zile hazikuwa za haki: ruhusa ya daktari hupima kiungo, haipimi imani ya mwenye kiungo.

Imani hiyo nayo hupimika. Mwaka 2008 Kate Webster na wenzake nchini Australia walitoa dodoso la ACL-RSI, lenye maswali 12 kuhusu hisia, kujiamini na namna mchezaji anavyoitazama hatari. Alama zake huanzia 0 hadi 100, na alama za chini ni ishara kwamba kazi bado ipo.

Kazi yenyewe ni kumkaribisha mchezaji hatua kwa hatua kwenye kile anachokiogopa: kukimbia mstari ulionyooka, kisha kukata kona, kisha kugombea mpira na mwenzake anayejua kumpunguzia, hadi mechi kamili. Mazoezi ya kutuliza mwili na kujenga picha akilini pia husaidia. Katika jaribio la Deborah Cupal na Britton Brewer la mwaka 2001, waliofanya mazoezi hayo baada ya upasuaji walipata nguvu zaidi gotini na wasiwasi wao wa kuumia tena ulipungua. Kumweka majeruhi karibu na timu, badala ya kumwacha afanye mazoezi peke yake nyumbani, nako huzuia woga kukomaa.

Si kila kusita kunahitaji kutibiwa. Utafiti wa Norway na Marekani wa mwaka 2016 uligundua kuwa kila mwezi wa kuchelewa kurejea, hadi mwezi wa tisa baada ya upasuaji, ulipunguza kuumia tena kwa takriban nusu. Mchezaji anayesita mwezi wa sita yuko sahihi, na kocha anayemharakisha ndiye anayepaswa kuzuiwa.