Kizibao cha kuelea: Safari ndefu kutoka pumzi hadi kitufe

SHIKA kizibao cha kuelea cha mzamiaji yeyote, awe Mafia, Watamu au Marseille. Begani kushoto utaona mpira mnene wenye mikunjo, na mwisho wake kifaa kidogo kinachoenea kiganjani. Hicho ndicho infleta. Kina vitufe viwili: kimoja huingiza hewa ya mtungi ndani ya kizibao, kingine huitoa. Nchani mwake kuna tundu la kupulizia kwa mdomo, ambalo wazamiaji wengi humaliza safari nyingi bila kuligusa.

Tundu hilo ni kongwe kuliko kitufe kilicho jirani yake. Kujua kwa nini limebaki hapo hadi leo ni kujua historia ya kifaa chote, na pia namna ya kujiokoa siku kitufe kitakapogoma.

Risasi kiunoni, pumzi kifuani

Mwaka 1943, Jacques-Yves Cousteau, ofisa wa jeshi la wanamaji la Ufaransa, na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza Aqua-Lung, kifaa kilichompa mzamiaji hewa ya mtungi kila alipovuta pumzi. Walitatua tatizo la kupumua. La kuelea walimwachia mzamiaji mwenyewe.

Alijifunga mkanda wenye vipande vya risasi, akaongeza na kupunguza mpaka uzito ukamkaa sawa. Kilichobaki alikimaliza kwa mapafu: akijaza kifua anapanda kidogo, akitoa pumzi anashuka. Lakini hesabu hiyo haikutulia. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 hubeba lita 2,400 za hewa, na hewa hiyo ina uzito wa karibu kilo 3. Aliyeanza safari akiwa amesawazika, aliimaliza akiwa mwepesi mno.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ukaja ugumu mwingine. Mwanafizikia Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California alibuni suti ya neoprini, mpira uliojaa vipovu vya gesi. Vipovu hivyo humkinga mvaaji na baridi, tena humwelesha. Tatizo ni kwamba maji huvibana. Juu ya maji mgandamizo ni wa angahewa 1, kwenye mita 10 ni 2, kwenye mita 30 ni 4. Mtu aliyeelea vizuri juu alifika chini suti ikiwa imenywea, na risasi ile ile iliyomfaa sasa ikimvuta kama nanga.

Madumu na kola ya Fenzy

Kila mtu alitafuta dawa yake. Katika mapango ya maji ya Florida, Marekani, walikuwapo wazamiaji waliobeba madumu matupu ya plastiki, wakayaingizia hewa yakiwa yameinamishwa mdomo chini ili yawainue. Wengine walivaa vizibao vya kuokolea maisha vyenye kichupa cha kabonidayoksaidi. Ukivuta kamba, kichupa kinatobolewa na kizibao kinajaa chote kwa mkupuo mmoja. Hicho kilifaa kumleta mtu juu. Hakikuweza kumtuliza katikati ya maji.

Mwaka 1961, Mfaransa Maurice Fenzy alipata hataza ya kizibao kilichoanza kujibu swali lenyewe. Kilivaliwa shingoni kama kola na kushuka kifuani. Kilikuwa na kichupa chake cha hewa, kilichojazwa kutoka kwenye mtungi mkubwa kabla ya kuzamia, na vali ambayo mzamiaji aliifungua kidogo kidogo kadiri ya haja. Kulikuwa pia na mpira wa kupulizia kwa mdomo. Wazamiaji wa Ufaransa na Uingereza walikipenda, hasa kwa sababu kilimwelesha mtu aliyezimia uso ukiwa juu. Lakini kikijazwa kilibana shingo, na chini ya maji kilimsimamisha mtu aliyetaka kuogelea akiwa amelala.

Kidole gumba chachukua kazi

Miaka ya 1970 ndiyo iliyoleta umbo tunalolijua. Kampuni ya Scubapro ilitoa kizibao kinachovaliwa kama koti, kilichoshika mtungi mgongoni na kusambaza hewa mwilini. Nyingine zikaweka mfuko wote wa hewa mgongoni kama mabawa. Badala ya kichupa cha pembeni, mpira mwembamba sasa ulileta hewa kutoka hatua ya kwanza ya regileta, kifaa kinachompa mzamiaji hewa ya mtungi, hewa hiyo ikiwa na mgandamizo wa karibu baa 10 juu ya ule wa maji. Kazi iliyohitaji kutoa regileta mdomoni na kupuliza mara kadhaa ikawa ya kubonyeza tu.

Hayo yalikuwa maendeleo makubwa, nami siyabezi. Lakini yaliihamishia hatari mahali padogo. Kati ya mtungi uliojaa na mfuko mtupu sasa kuna vali yenye springi na vipete vya mpira, na adui yake mkubwa ni chumvi.

Vali inapokwama

Jua la pwani yetu hukausha maji upesi. Chumvi hubaki, hujijenga kama vipunje ndani ya kitufe, kisha siku moja kitufe kinabonyezwa na hakirudi. Kizibao huanza kujijaza chenyewe. Mzamiaji hupanda, na kadiri anavyopanda hewa iliyomo hutanuka: kutoka mita 10 hadi juu, ujazo wake huongezeka mara mbili. Kanuni iliyozoeleka leo ni kupanda kwa kasi isiyozidi mita 9 kwa dakika. Mwendo wa kasi kupita kiasi unaweza kuumiza mapafu na kuleta ugonjwa wa mgandamizo.

Kwa hiyo mikono miwili hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Mmoja huvuta kamba ya vali ya begani, au huinua infleta juu na kubonyeza kitufe cha kutolea hewa. Mwingine huchomoa mpira wa hewa kwenye kiungio chake. Pumzi isizuiwe hata kidogo. Zoezi hili lifanyeni na mkufunzi mahali pa kina kifupi, mpaka vidole vikijue kiungio bila msaada wa macho.

Kitufe kinachovujisha hewa polepole nacho kisivumiliwe: chomoa mpira, mwarifu mwenzako, malizeni safari. Na kisipoingiza hewa kabisa, tundu la mdomo lipo. Vuta hewa kwenye regileta, toa regileta mdomoni, puliza kwenye tundu huku ukibonyeza kitufe cha kutolea hewa, rudisha regileta.

Maji baridi na subira

Kinga ya haya yote haina gharama kubwa. Baada ya kila siku ya kuzamia, osha kizibao nje kwa maji yasiyo na chumvi, ukibonyeza vitufe mara nyingi. Mimina maji mengine ndani kupitia tundu la mdomo, ongeza hewa, tikisa, kisha yamwage yote. Kijaze hewa na ukiache usiku kucha kivulini: asubuhi kikiwa kimenywea, kuna mahali kinavuja. Kagua mpira wenye mikunjo na kifungo kinachoushika kwenye infleta. Mara moja kwa mwaka, fundi mwenye ujuzi aifungue vali na kubadili vipete. Nasisitiza la fundi, kwa kuwa chumvi iliyo ndani ya vali haionekani kwa kukitazama kizibao nje.

Kabla ya kuingia majini, bonyeza vitufe vyote, sikiliza, kisha lipulize lile tundu kwa mdomo, angalau mara moja. Hivyo ndivyo walivyofanya waliovaa kola ya Fenzy zaidi ya miaka 60 iliyopita. Waliokuja baada yao walibadilisha umbo, kitambaa, vali na mipira, lakini tundu hawakuliondoa. Walijua kwamba springi huchoka na chumvi haichoki, na kwamba mzamiaji ambaye bado anavuta hewa bado ana pumzi ya kupuliza.