Komboa, na kiu ya Budha

Mbweni, kusini ya mji wa Zanzibar, yapo magofu ya skuli ya St Mary's. Wamisionari wa Kianglikana wa shirika la UMCA walinunua shamba hapo mwaka 1871, wakawapa makaazi watu walionusuriwa kutoka majahazi ya watumwa. Wasichana wao walisoma hapo, kwa miaka mingi chini ya mwalimu mkuu Caroline Thackeray. Ukisema wamekombolewa, hukukosea.

Komboa ni neno la deni. Unakomboa mkufu uliowekwa rehani, unakomboa mateka. Yupo aliyeshika, na yupo anayelipa. Ndiyo maana nasita lengo la Ubudha, yaani kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa, kufa na kuzaliwa tena, linapoitwa ukombozi bila maelezo. Budha hakumlipia mtu fidia. Alifundisha kwamba kinachotufunga ni tanha, neno la Kipali lenye maana hasa ya kiu, na kila mmoja aikate yake. Nirvana, jina la lengo hilo, maana yake ni kuzimika, kama moto. Kujifungua lingefaa mno, lakini kwetu ni kuzaa, jambo lile lile linalotafutiwa mwisho! Nachagua kujikomboa.

Hekalu la Kibudha la Upanga, Dar es Salaam, lililoanzishwa na Wasinhala, ni la tawi la Theravada, na mkazo wake ni juhudi hiyo ya mtu mwenyewe. Wafuasi wa Mahayana, tawi jingine la Ubudha, wanaye bodhisatva: kwa huruma huapa kubaki katika mzunguko mpaka viumbe wengine nao watoke. Huyo naridhia kumwita mkombozi.